Mto Hausafishwi Mtoni

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliokuja na mabuti tayari kuingia majini: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie usafi wa mito. Nashukuru kwa heshima hiyo, ila naomba ruhusa nianze kwa kuwaudhi kidogo. Zile siku za kuokota taka mtoni, fulana za rangi moja, glavu, mifuko imepangwa mstari mbele ya mgeni rasmi ili apigwe picha, sijaona mto hata mmoja uliopona kwa ajili yake. Sisemi mziache. Plastiki iliyotolewa majini imetolewa, na mtoto aliyeinama asubuhi nzima akiokota chupa atafikiri mara mbili kabla ya kutupa yake. Lakini mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, mto hurudishiwa kila kitu, maana uchafu ule haukuzaliwa pale tulipouokota. Ulitoka shambani, kwenye mtaro wa barabara, chooni, kiwandani, kwenye mteremko uliokatwa miti. Mtoni ulifika tu.

Kwa hiyo msinishangae nikitumia sehemu kubwa ya muda wangu kuzungumzia nchi kavu.

Twende juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima, pale ambapo tone likiangukia upande huu linaingia mto huu, na likiangukia upande wa pili linakwenda kwenye mto wa watu wengine. Ardhi yote iliyo upande wetu wa mgongo huo, yenye mashamba, nyumba, njia za ng'ombe, shule na makaburi, ndiyo bonde la mto wetu. Watu wa idara za maji huliita kidakio. Mto wenyewe ni ule mstari mwembamba ulio chini kabisa ya bonde hilo, na hauna siri: kila linalofanyika juu huandikwa kwenye maji yake.

Chukueni hekta 1 ya ardhi hiyo. Ikipata mvua ya milimita 50, mvua nzito ya alasiri moja, imepokea lita 500,000. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, na hekta ina mita za mraba 10,000. Lita nusu milioni kwenye kipande kimoja cha shamba, kwa alasiri moja. Sasa jiulizeni, katika saa inayofuata lita hizo zinakwenda wapi?

Kwenye msitu wa asili tone hugonga jani kwanza, likateleza kwenye tawi, likadondoka polepole juu ya majani makavu yaliyooza nusu. Chini ya majani hayo udongo umetobolewa na minyoo na mchwa, na mizizi iliyokufa imeacha mirija. Maji yanazama. Yanasafiri chini kwa chini wiki nyingi, miezi, mahali pengine miaka, kisha yanajitokeza kwenye chemchemi yakiwa baridi na yamechujwa. Ndiyo sababu mto wenye msitu juu yake hutiririka hata miezi ambayo hakuna wingu. Maji mnayoyachota kiangazi ni mvua ya zamani iliyocheleweshwa njiani.

Kwenye ardhi tupu mambo ni mengine. Tone linapiga udongo kwa nguvu yake yote, linapasua chembe, vumbi laini linaziba vitundu, na ndani ya dakika chache uso wa shamba umefanya utando mgumu ambao maji hayapenyi. Zile lita nusu milioni hazina pa kwenda isipokuwa mteremkoni. Zinakimbia zikiwa na rangi ya udongo, zinachimba vijifereji, vijifereji vinaungana kuwa korongo, na kabla jua halijatua mto umefurika. Baada ya wiki mbili mto huohuo umekauka mawe yanaonekana. Watu wanalalamikia mafuriko, kisha wanalalamikia ukame, na hawaoni kwamba wanalalamikia maji yaleyale.

Udongo huo hauteremki peke yake. Fosforasi, ambayo ni sehemu ya mbolea ya chumvichumvi na pia ya samadi, hushikamana na chembe za udongo. Tope linapoondoka shambani linaondoka na mbolea mliyoitolea jasho. Naitrojeni, kirutubisho kingine cha mbolea, yenyewe haihitaji tope. Huyeyuka na kusafiri na maji, hata yale yaliyozama ardhini. Vyote viwili vikifika mahali maji yamepunguza mwendo, mwani, ule ukijani unaoota majini, hushangilia. Unamea, unatanda juu, unazuia mwanga, kisha unakufa na kuzama. Bakteria wanaula, na katika kuula wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini.

Oksijeni hiyo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Lita 1 ya maji yenye joto la nyuzi 25 inaweza kushika takriban miligramu 8 tu. Samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya 5, na ikikaribia 2 mtawakuta asubuhi wanaelea, kwa sababu usiku mwani na mimea hautengenezi oksijeni bali nao hupumua. Hapo mtaani huzuka habari kwamba kuna mtu ametia sumu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi mto umekosa pumzi, na aliyeunyima pumzi ni sisi sote kidogo kidogo. Kinyesi cha binadamu na mifugo, maji ya machinjio, maganda ya kahawa, machicha ya pombe, vyote vinaingia kwenye mahesabu hayohayo: ni chakula cha bakteria, na bakteria wanapokula, samaki wanakosa hewa.

Mti wa kando ya mto una kazi hapa ambayo haitajwi mara nyingi. Kivuli chake hupoza maji, na maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Kukata miti ya ukingoni ni kupunguza hewa ya samaki hata kabla hujamwaga taka yoyote.

Historia imejaa watu waliojaribu kuutibu mto kwa kuanzia chini.

Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hivi kwamba mapazia ya Bunge la Uingereza yalilowekwa kwenye dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa vikaoni. Uvundo ukawafanya wapitishe fedha haraka kuliko kawaida yao, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa ya kukusanya maji taka ya London. Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano na iliokoa maisha ya watu wengi dhidi ya kipindupindu. Lakini kwa mto wenyewe, mabomba yale yalihamisha kinyesi kutoka katikati ya jiji na kukimwaga upande wa mashariki, chini ya jiji. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1957, Thames ulitangazwa kuwa mto uliokufa: sehemu kubwa inayopita London haikuwa na kiumbe wa maana. Ulianza kufufuka pale mitambo ya kusafisha maji taka ilipoboreshwa, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni alipatikana tena baada ya zaidi ya karne moja. Kila ninapoona mradi wa kujenga mfereji wa kupeleka maji machafu "mbali", nawakumbuka wale waliokuwa wakiishi mwisho wa mabomba ya Bazalgette.

Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, mto Cuyahoga uliwaka moto Juni 1969. Ndiyo, mto uliwaka moto. Na haikuwa mara ya kwanza. Ulikuwa ukiwaka tangu karne ya 19, na moto wa 1952 ulikuwa mkubwa zaidi. Tofauti ya 1969 ni kwamba watu walikuwa wamechoka, na meya wa Cleveland, Carl Stokes, aliwachukua waandishi wa habari akawapeleka wakaone kwa macho yao. Mwaka 1972 ikapita sheria ya maji safi iliyotaka kila bomba linalomwaga mtoni liwe na kibali na masharti. Viwanda vikabanwa. Cuyahoga leo una samaki.

Ningeishia hapo mngetoka mmefurahi. Lakini Cuyahoga unamwaga maji yake katika Ziwa Erie, na mwezi Agosti 2014, kwenye ziwa hilohilo, mji wa Toledo uliwaambia watu zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya bomba. Kuyachemsha kusingesaidia, maana sumu iliyokuwemo haiondoki kwa kuchemsha. Ilitoka kwenye mwani uliotanda ziwani, na mwani ule ulilishwa hasa na fosforasi ya mashamba iliyoletwa na mto Maumee. Viwanda vilikuwa na vibali, mabomba yalikuwa yanapimwa. Shamba halina bomba. Mvua ndiyo bomba lake, na hakuna mkaguzi anayeweza kuipa mvua kibali.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Kiwanda kinachomwaga kemikali usiku kina mwenyewe, kina anwani, na dawa yake ni sheria; kipelekeni mahakamani, wala msikae nacho meza moja kunywa chai mpaka kimefunga bomba. Sina la kuongeza kuhusu hilo. Lakini uchafuzi unaotoka kwenye mashamba elfu moja, njia elfu moja na vyoo elfu moja hauwezi kukamatwa na askari. Huo unahitaji majirani.

Na majirani wa mto wana tatizo moja la kudumu: anayebeba gharama yuko juu, anayefaidika yuko chini, na kwa kawaida hawajuani.

Fikirieni mkulima ambaye kijito kinapita mwisho wa shamba lake. Anaambiwa asilime ndani ya mita 30 kutoka ukingoni. Kama shamba lake ni jembamba, hiyo ni robo ya chakula cha nyumba yake. Na kando ya mto ndipo penye udongo wenye unyevu, ndipo anapopata mboga kiangazi. Anayemwambia aache ni ofisa aliyefika kwa gari, na atakayepata maji safi ni mtu wa mjini ambaye hatamwona maisha yake yote. Mkulima huyu akitikisa kichwa kukubali, jueni anasubiri gari liondoke.

Jiji la New York lilipitia jambo hilihili. Maji yake mengi hutoka katika milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, umbali unaofika kilomita 200. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikuwa na njia mbili: kujenga mtambo wa kuchuja maji kwa mabilioni ya dola, au kuthibitisha kwamba maji yanalindwa vizuri kule yanakotoka. Likaanza kwa amri. Likaandika rasimu ya masharti makali juu ya mashamba ya watu wa milimani, na wakulima wakaja juu. Jiji lilipokubali kukaa nao, mambo yakageuka. Wakulima wakaunda chombo chao wenyewe, jiji likagharamia, na kila aliyejiunga kwa hiari akatengenezewa mpango wa shamba lake zima: samadi ihifadhiwe wapi, ng'ombe wanywe wapi bila kuingia kijitoni, ukingo gani uachwe. Wengi sana walijiunga. Mwaka 1997 mkataba mkubwa kati ya jiji na vijiji vya mabondeni ukasainiwa, na mpaka leo sehemu kubwa ya maji ya New York hayapiti kwenye mtambo wa kuchuja. Mlipaji wa bili ya maji mjini analipia uzio wa ng'ombe mlimani. Naona huo ni ujirani wa maana kuliko mabango yote ya "Tutunze Mazingira".

Mtasema hao wana fedha. Sawa. Basi twende Rajasthan, India, wilaya ya Alwar, penye ukame na umaskini. Huko mto Arvari ulikuwa haupitishi maji isipokuwa siku za mvua. Katikati ya miaka ya 1980 Rajendra Singh na wenzake wa shirika la Tarun Bharat Sangh walifika, na wazee wa vijiji wakawaelekeza kwenye kazi ya kale: kujenga johadi, yaani matuta ya udongo yenye umbo la mwezi mwandamo, yanayozuia maji ya mvua mteremkoni ili yazame badala ya kukimbia. Mamia ya matuta na vibwawa yalijengwa katika bonde lile kwa mikono ya wanavijiji. Hakuna aliyeugusa mto. Maji ya visima yakapanda kwanza, kisha katika miaka ya 1990 Arvari ukaanza kutiririka mwaka mzima.

Na mto ulipopata samaki, serikali ya jimbo ikampa mkandarasi haki ya kuvua! Wanavijiji waliojenga matuta wakakataa, mkataba ukafutwa. Tukio hilo ndilo lililowafanya waunde bunge la mto, mwaka 1999, lenye wajumbe kutoka vijiji takriban 70. Halina nguvu ya kisheria. Hukutana, huzuia mazao yanayokunywa maji mengi kupita kiasi, husuluhisha ugomvi wa pampu na malisho. Singh alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2015, lakini mimi ninayemhusudu ni yule mzee wa kijiji aliyewaonyesha wageni pa kuchimba.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia kwa pamoja maji, misitu na samaki. Aligundua kwamba si kweli kuwa mali ya wote lazima iharibiwe. Hudumu pale ambapo mipaka inajulikana, watumiaji wanatunga kanuni zao wenyewe, walinzi wanatoka miongoni mwao, na adhabu inaanza ndogo na kukua kwa anayerudia. Naomba msisitizo kwenye hilo la mwisho. Kanuni nyingi za mito nilizosoma zina faini kubwa mno, na faini kubwa mno haitozwi na mtu yeyote, kwa sababu hakuna jirani atakayemfilisi jirani yake kwa mbuzi aliyeingia majini. Faini ndogo hulipwa.

Sasa vijana wenye mabuti, zamu yenu.

Kabla ya kupanda mti hata mmoja, utembeeni mto. Anzieni kwenye chemchemi, shukeni nao kwa miguu. Andikeni kila mahali maji yanapobadilika rangi au harufu, kila korongo linaloingia, kila bomba, kila njia ya mifugo. Mtashangaa. Watu hudhani tope hutoka mashambani pekee, lakini mara kwa mara mtakuta linatoka barabarani. Barabara ya udongo inayoteremka kilima hukusanya maji kwenye mtaro wake, mtaro unayabeba yakizidi kasi, na mwisho wake ni darajani, moja kwa moja kijitoni. Mtaro mmoja wa hivyo unaweza kumwaga udongo kuliko mashamba kadhaa. Dawa yake ni ya jembe: kila baada ya umbali fulani ukate mtaro utoke pembeni, umwage maji kwenye nyasi wakati bado ni machache na hayajapata nguvu. Ofisa wa barabara akikubali kufanya hivyo kilima kizima, amewasaidia kuliko lori la miche.

Anzeni na vijito vidogo. Ukichukua mtandao mzima wa mto, sehemu kubwa ya urefu wake ni vijito ambavyo havina hata jina kwenye ramani. Huko maji ni machache na ukingo uko karibu, kwa hiyo mita chache za majani husaidia sana. Mkulima yule wa robo shamba mwendeeni na jambo la kumlipa: mabingobingo kwa ng'ombe wake, miti ya matunda, mizinga ya nyuki, mawe au nyasi kwenye kontua, yaani mistari inayokinga mteremko, ili udongo wake ubaki kwake. Mto utafaidika hata kama yeye hafikirii mto kabisa. Mimi sioni ubaya wowote wa mtu kuhifadhi kwa sababu ya maziwa.

Kuhusu miti nina maneno mawili. Kwanza, hesabuni iliyopona, msihesabu iliyopandwa. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, liliwapa wanawake malipo kidogo kwa kila mche uliokuwa hai baada ya kupandwa. Kwa kanuni hiyo ndogo, mpandaji alikuwa na sababu ya kurudi na ndoo ya maji. Pili, si kila mti ni rafiki wa chemchemi. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni, lakini ukiusogeza kwenye chanzo cha maji utakunywa kabla yenu. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1995 mpango wa kitaifa wa kuajiri watu wasio na kazi ili wakate miti vamizi ya kigeni kwenye mabonde ya mito, kwa lengo la kurudisha maji. Kuna mahali kuponya mto ni kukata miti. Waulizeni wazee chemchemi ilizungukwa na miti gani walipokuwa wadogo, mpande hiyo.

Ardhioevu msiiguse. Pale penye matete na mafunjo, ambapo kila mwekezaji anaona kiwanja kinachosubiri kukaushwa, maji yanapunguza mwendo, mashapo yanatua, na bakteria wa kwenye matope yasiyo na hewa wanageuza naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, kuwa gesi inayorudi angani bila kuwadai hata senti. Huko Florida, Marekani, kati ya 1962 na 1971, wahandisi waliunyoosha mto Kissimmee uliokuwa na urefu wa kilomita 166 za kupindapinda, wakaufanya mfereji wa kilomita 90. Ardhioevu zikakauka, ndege wa majini wakatoweka kwa wingi, na maji yakateremka na uchafu wake bila kituo hadi kwenye ziwa ambako mto huo unaishia. Kazi ya kuurudishia sehemu ya mikunjo yake ilianza 1999 na kukamilika 2021. Kuunyoosha kulichukua miaka 9, kuukunja miaka 22. Atakayewaletea mchoro wa kujenga kuta za zege pande zote mbili za mto wenu mwonyesheni tarakimu hizo.

Mtajuaje kama mnafaulu? Maabara ni nzuri mkiipata, lakini kuna kipimo ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya. Ingieni mahali maji yanapopita juu ya mawe kwa kasi, kina kisizidi magoti. Mmoja ashike wavu wenye matundu madogo, mwingine asimame upande wa juu na kuvuruga mawe kwa miguu kwa dakika chache. Mwageni kilichonaswa kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, mkae kimya. Mwanzoni mtaona majani na mchanga tu. Kisha vitu vitaanza kutembea.

Mkimwona mdudu bapa mwenye mikia mitatu kama nyuzi na vishavu vya kupumulia vinavyopepea ubavuni mwa tumbo, hiyo ni habari njema, maana wengi wa jamii yake hawavumilii maji yaliyokosa oksijeni. Mkiona kijiti kidogo kinachotambaa, kiangalieni vizuri: ni mdudu aliyejijengea nyumba ya chembe za mchanga na vipande vya majani, kichwa kinachungulia upande mmoja. Naye hupenda maji safi. Lakini mkikuta beseni limejaa vinyoo vyekundu vinavyojikunjakunja, na hakuna kingine, mto uko taabani. Wekundu wao ni hemoglobini, ileile ya damu yetu, inayowawezesha kuishi mahali ambapo oksijeni karibu imekwisha. Fanyeni hivyo kila msimu mahali palepale, juu ya kijiji na chini ya kijiji, na muandike. Tofauti ya beseni la juu na la chini itawaambia ni nini kijiji chenyewe kinaongeza, na ni vigumu mno kubishana na beseni.

Lakini msitegemee matokeo ya haraka. Fosforasi iliyolala kwenye tope la chini ya mto itaendelea kuvuja hata baada ya mashamba kutulia. Maji ya ardhini yaliyochafuka miaka iliyopita bado yako njiani. Mfadhili wa miaka mitatu hutaka samaki mwaka wa pili; mwambieni mapema kwamba mwaka wa pili atapata vijito vitatu visivyo na tope baada ya mvua, na hiyo ni kazi kubwa. Kikundi kinachoahidi mto safi kwa tarehe fulani huvunjika tarehe hiyo inapopita.

Ndugu mwenyekiti, naona unatazama saa. Nina ombi moja kabla sijakaa. Nimeangalia orodha ya waliohudhuria, na karibu wote mmetoka sehemu za chini ya mto, nyinyi mnaopokea. Kikao kijacho kifanyike kule juu, kwa watu wenye vyanzo, wao wawe wenyeji na wao waongoze mazungumzo. Chukueni fedha iliyotengwa kwa ajili ya fulana za siku ya usafi, muifanye nauli, mwende nayo. Nendeni mkiwa na swali moja tu, mnahitaji nini ili udongo wenu ubaki mashambani kwenu, kisha msikilize, hata jibu likiwa refu, hata likianza na malalamiko ya miaka 20 kuhusu barabara.

Sasa nakaribisha maswali. Kama yupo yeyote hapa aliyetoka mlimani, naomba aanze yeye.